Sauti ni ya mwanangu, ila habari zile sikuzijua

BARUA

Bi Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, Mombasa. Nauza mahamri na mbaazi kando ya barabara, na saa kumi na moja alfajiri huwa nishawasha jiko. Baba watoto alifariki mwaka wa 2019. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa kwanza. Ana miaka 17, atatimiza 18 Aprili mwakani.

Miaka miwili iliyopita karo ilinishinda, akakaa nyumbani muhula mzima. Zile zilikuwa siku mbaya hapa kwetu. Jioni ukisikia vijana wanapita mbio unafunga mlango kwanza, ndipo unahesabu nani hayumo ndani. Mwanangu alikuwa akishinda maskani na rafiki yake, walikuwa chanda na pete. Yule rafiki aliuawa usiku mmoja. Kuna wanaosema ni polisi, kuna wanaosema ni wananchi. Mamake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mpaka leo hajapata wa kumweleza.

Baada ya hapo ndipo ukaja mradi wa kufundisha vijana kompyuta, kupiga picha na kutengeneza filamu. Wamekodi ghorofa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu mwenyewe alifika maskani kuwaandikisha, kijana mpole sana. Mimi nilitia sahihi karatasi mbili za Kiingereza. Sikuzisoma. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu anamtaka mwanangu mahali.

Wallahi alibadilika. Akarudi shule, na kila Jumamosi yuko mradini kabla mlango haujafunguliwa. Simu yake kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na kinasa sauti amekivisha soksi ya mdogo wake ili upepo usiingie. Siku moja alinisimamia nikikaanga, akaniambia, "Mama, usiseme kitu, nataka mlio wa hamri likitumbukia kwenye mafuta." Nilicheka mpaka nikaunguza manne.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita alinipa simu na visikizi, akasema anaenda dukani kununua bando. Nikatazama. Ni filamu ya dakika saba. Sauti ni yake, na uso wake unaonekana mwishoni. Anasema alipokuwa na miaka 15 alikuwa akibeba begi la mpira, na ndani hamna mpira, mna mapanga ya wakubwa, kwa sababu begi la mtoto halipekuliwi. Anasema alilipwa shilingi 200 kila safari. Bi Mshauri, mimi nazikumbuka zile mia mbili. Aliniletea akasema amesaidia watu kushusha mchanga. Nilinunulia unga. Kisha anaonyesha kichochoro alichouliwa rafiki yake, na anamtaja kwa lile jina walilokuwa wakimwita mtaani.

Filamu hii itaonyeshwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Wafadhili watakuwepo, chifu ataalikwa, mzee wa Nyumba Kumi ataalikwa, na watu wa kituo cha polisi pia. Halafu itapakiwa mtandaoni. Bango tayari limechapishwa: "Kutoka Panga Hadi Kamera", na picha ya mwanangu iko katikati. Nilikwenda kwa mwalimu. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia kwa heshima kwamba nilishatia sahihi, na kwamba filamu hii ndiyo itakayowapatia pesa za mwaka wa pili, la sivyo mradi unafungwa Desemba.

Mwanangu ananiambia, "Mama, ukiikataa hii umenikataa mimi." Ndugu yangu, yaani mjomba wake, ni fundi wa umeme. Yeye anasema nimtoe huko leo, amfundishe kazi ya mikono ya kueleweka. Nami nalala nikiwaza wenye mapanga yao, kwani wengine bado tunapishana nao dukani. Tena nawaza, nilikuwa wapi mimi mwanangu akibeba begi lile?

Niizuie au niiache? Tafadhali usinijibu kama ofisi.

*Mama Mahamri, Kisauni*

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye zile shilingi 200. Kwa hiyo nitaanzia hapo, kabla sijafika kwa wafadhili na chifu.

Unaandika kana kwamba uliigundua siri. Hukuigundua. Hakuna kijana wa miaka 17 anayemwachia mamake simu yake kwa bahati mbaya. Wengine hulala nayo chini ya mto. Mwanao alikutia visikizi masikioni, akaondoka, akakupa nafasi ya kusikia bila yeye kukutazama machoni. Kwa miaka miwili alikuwa na neno asiloweza kulitamka sebuleni, na njia aliyoipata ya kulisema ndiyo hiyo aliyofundishwa. Pengine filamu ile ina watazamaji wawili, na wewe ndiye wa kwanza.

Sasa nikuulize jambo ambalo barua yako imeliruka. Aliporudi kutoka dukani na bando lake, ulimwambia nini? Umenisimulia dakika saba za filamu, kisha mara umefika kwa mwalimu, umepewa kiti na maji. Katikati hapo hamna kitu. Huenda mlizungumza na hukuona haja ya kuniandikia. Ila kama hamkuzungumza, basi mwanao alikwambia jambo zito kuliko yote maishani mwake, na jibu la kwanza alilolipata ni kwamba mama amekwenda kulalamika mradini. Hapo neno lake la "umenikataa mimi" halinishangazi sana. Silisemi kukulaumu. Hata mimi ningekimbilia kwa mwalimu, maana kwa mwalimu kuna karatasi, na karatasi ni rahisi kuliko mwana.

Kuna mambo mawili ambayo kijana ameyafunga fundo moja, na nadhani nawe umeyapokea hivyo hivyo. Kuitengeneza filamu ni jambo moja, na kuionyesha ni jingine. Kuitengeneza kumekwisha, na hakuna awezaye kumnyang'anya hilo. Ameandika, amerekodi, amehariri, amefikiri ni nini kitangulie na ni nini kifuate. Kinachozungumziwa sasa ni nani aone, lini, na kwa sura gani. Ukimwambia "naipenda kazi yako, naogopa tu ukumbi ule", hilo si sawa na kumwambia "ifute". Ataukubali utengano huo? Sijui. Ana miaka 17, na picha yake iko kwenye bango.

Hofu yako ni ya haki, na sitaki mtu akwambie ni woga wa kina mama. Tuitazame kwa karibu. Mradi unaweza kukwambia watauficha uso wake kwa ukungu. Mgeni kutoka ng'ambo hatamjua, kweli. Lakini hao unaowaogopa si wageni. Mtaani mtu hutambuliwa kwa mwendo, kwa sauti, kwa ukuta ulio nyuma yake, hata kwa namna anavyotamka jina la marehemu. Wakiigeuza na sauti pia, atasikika kama mshukiwa kwenye taarifa ya habari ya saa moja, na hapo wameshaiharibu ile kazi waliyotaka kuilinda.

Halafu wako polisi. Mimi si wakili, lakini najua Kenya tuna Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Magenge ya 2010, ambayo chini yake kuwa tu mwanachama wa kundi la aina hiyo ni kosa. Kijana anayesema mbele ya maafisa, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba alibeba silaha za kundi, anatoa maelezo ambayo kituoni angekuwa na haki ya kunyamaza. Inawezekana kabisa watapiga makofi na kumpa mkono. Inawezekana pia kwamba mwezi wa tatu kutatokea uvamizi mtaani na mtu akamkumbuka yule wa kwenye filamu. Kabla ya Novemba kwisha, ningependa mtu anayejua sheria aitazame. Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na husaidia watu wasio na pesa za wakili. Na mradi ukisema mambo hayo hawakuyafikiria, hilo nalo ni jibu.

Upande wa zile karatasi mbili, usijione umefungwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Inataka pia matumizi hayo yawe kwa maslahi ya mtoto, na aliyetoa idhini anaweza kuiondoa. Si sheria ya kupamba rafu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo neno la mwalimu, "ulishatia sahihi", halimalizi mazungumzo. Ila jihadhari na jambo moja: kuondoa idhini hakurudishi kilichokwisha sambaa. Video ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, hata mradi wenyewe hauwezi kuifuata simu kwa simu. Kama una neno, liseme kabla ya Jumamosi ile.

Lakini je, uende na sheria mkononi kama fimbo? Hapa mimi nasita. Mwalimu huyo alimfuata mwanao maskani wakati sisi wengine tulikuwa tunafunga milango. Simwoni kama adui. Namwona kama mtu aliyebanwa: wafadhili hutaka kuona mtoto aliyeokolewa, na kadiri shimo alilotolewa lilivyo refu, ndivyo ripoti inavyonoga. Miradi mingi hutembea hivyo. Fomu huuliza ni vijana wangapi "walio katika hatari", na mradi usipokuwa nao haulipwi. Basi mtoto aliyejifunza kuhariri filamu kwa simu iliyopasuka kioo hatoshi kuwa habari mpaka awekwe panga kwenye bango. Hilo bango lenyewe ndilo lililonichoma, kuliko hata filamu. Katika filamu anajieleza mwenyewe. Kwenye bango wamemweleza wao, kwa maneno manne, na pale hamna mahali pa kusema alikuwa na miaka 15, karo imekwisha, na alibeba begi tu. Bango unaweza kuomba liondolewe bila kuigusa kazi yake. Huenda hata yeye halipendi. Umemuuliza?

Mambo haya hayakuanza jana, wala si lazima yaende hivyo. Kule Mathare, Nairobi, mwaka wa 1997, vijana wa MYSA, chama cha michezo kilichoanza 1987, walipewa kamera ndogo za plastiki wakaanza kupiga picha za maisha yao: nyumbani, mitaroni, uwanjani, mama zao wakifua. Korogocho, huko huko Nairobi, mwaka wa 2006 vijana wakafungua redio yao, Koch FM, ndani ya kontena. Kule walizungumzia maji, usalama, wanasiasa. Kijana alishika kamera au maikrofoni aonyeshe anachokiona, na hakuna aliyemdai kwanza aungame dhambi zake ndipo asikilizwe. Ule mlio wa hamri aliourekodi unaniambia mwanao anayo masikio ya kazi hiyo. Ningemuuliza mwalimu: mkipata pesa za mwaka wa pili, huyu kijana atatengeneza filamu gani ya pili? Kama hana jibu, mwanao na ajue mapema.

Sasa, njia zilizopo. Ipo njia ya kuionyesha ndani ya chumba kidogo: vijana wenzake, wazazi, watu wachache wanaojulikana, simu zimewekwa kwenye ndoo mlangoni, na hakuna kupakia mtandaoni. Atapata makofi yake kutoka kwa watu ambao makofi yao yana uzito. Hatari yake ni kwamba simu moja hubaki mfukoni kila mara, na wafadhili wanaweza kuona wamenyimwa walichokilipia. Ipo njia ya kutengeneza toleo jingine: mikono tu, begi, mafuta yakichemka, sauti ya mwenzake akisoma maneno yake, kichochoro kingine kisicho cha pale. Watengenezaji wengi wakubwa hufanya hivyo, na si uoga, ni ufundi. Lakini wiki zilizobaki ni chache, na yeye anaweza kuhisi anafundishwa kujificha tena.

Ipo ya kungoja mpaka Aprili. Hii inavutia, maana akitimiza 18 uamuzi unakuwa wake na lawama haikuangukii wewe. Lakini itazame vizuri. Mradi ukifungwa Desemba, faili zile zitabaki kwenye kompyuta ya nani? Na je, miezi mitano itawafanya wenye mapanga wasahau? Kungoja kunafaa tu ikiwa katika kungoja huko mtu ameketi naye akapima. Ipo ya kuzuia kabisa. Unaweza, sheria iko upande wako. Ila usisahau nani amefundishwa kupakia video, na nani anakwenda dukani kununua bando. Usiku mmoja akiwa na hasira anaweza kuiweka mwenyewe, bila ukungu, bila mwalimu, bila wewe. Na ipo ya kuiacha ilivyo. Wako vijana waliosema ukweli wao hadharani wakapata heshima mtaani, hata wale wakubwa wa zamani wakawaacha. Siwezi kukuahidi kwamba mwanao atakuwa mmoja wao.

Kuna mtu mmoja ambaye katika barua yako yote hakuna aliyemuuliza. Yule mama wa nyumba ya tatu. Filamu inaonyesha mahali alipoanguka mwanawe, inamtaja kwa jina la mtaani, nawe unasema hajapata wa kumweleza kilichotokea. Je, aje asikie ukumbini, katikati ya viti vya plastiki na soda? Au asikie kwa mtu aliyeiona kwenye simu? Hapa nadhani mwanao mwenyewe atakuelewa upesi kuliko kwenye sheria na hatari, kwa sababu alimpenda marehemu. Kwenda kwa mama yule, wewe na yeye pamoja, kabla ya kwenda kokote kwingine, kunaweza kubadilisha filamu kwa namna ambayo wewe na mimi hatuwezi kuipanga. Anaweza kusema ifutwe. Anaweza kusema ionyeshwe dunia nzima. Anaweza kulia tu. Mjiandae kwa lolote.

Tena nikuulize: kijana huyu alimzika rafiki yake akiwa na miaka 15. Ni nani aliyewahi kuketi naye? Mradi ulimpa kamera, na kamera imefanya kazi kubwa, lakini kamera haijibu. Waulize kama wana mshauri nasaha. Wasipokuwa naye, nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na wewe mzazi unaweza kuipiga pia.

Kuhusu mjomba sina mengi. Ana haki ya kusema, ni mjomba. Lakini sioni kwa nini iwe waya au kamera. Likizo hii ya Desemba anaweza kwenda naye kazini, na baadaye akafanya mtihani wa ufundi wa umeme wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao mwajiri huutambua kuliko vyeti vya kuhudhuria mafunzo (vyeti hivyo nimeviona vingi vikining'inia kwenye kuta za sebule). Anayepiga picha akijua pia mambo ya taa na umeme hakosi wa kumwita. Na mradi ukifungwa, kuna Swahilipot kule Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, wanakokutana vijana wa sanaa na teknolojia. Mwambie asidhani mlango ni huo mmoja wa juu ya duka la vifaa.

Umeuliza ulikuwa wapi. Ulikuwa barabarani na karai la mafuta, saa kumi na moja alfajiri, unatafuta karo. Naye alikuletea mia mbili za unga akakudanganya kuhusu mchanga, kwa sababu alitaka kukusaidia na alijua ungezikataa. Hilo mnaweza kuambiana. Labda tayari liko ndani ya zile dakika saba na hukulisikia kwa mshtuko. Itazame mara ya pili, safari hii akiwa ameketi karibu yako.

Siku utakayokwenda mradini, nenda naye, usiende peke yako. Waombe nakala ya zile karatasi mbili, na mwanao akusomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari palepale, mwalimu akisikiliza.

*Bi Mshauri*